Mwanagenzi na Jina Lake: Historia Fupi ya Kujifunza Sanaa katika Ukanda wa Shaba, Kuanzia Kasaji hadi Lubumbashi

Utangulizi

Kasaji ni mji mdogo wa wilaya ya Dilolo, magharibi mwa jimbo la Lualaba, kwenye reli itokayo Tenke, ikapita Kolwezi na Mutshatsha, na kufika Dilolo mpakani mwa Angola. Reli hiyo iliungana na ile ya Benguela mwaka 1931. Tangu hapo kijana wa Kasaji aliyetaka kazi ya mshahara aliifuata kwenda mashariki, kwenye machimbo. Aliyetaka kujifunza gitaa, brashi au maigizo ya mjini naye aliifuata reli hiyohiyo. Nyumbani aliacha Kiruund au Kichokwe. Njiani, stesheni na sokoni, alikutana na Kiswahili, na ndicho alichokitumia alipofika kwa mwalimu wake.

Leo safari hiyo imepewa jina jipya. Wanafunzi wa vyuo hutumwa kufanya staji katika vituo vya sanaa na muziki vya mitaani, nao hurudi na cheti na ripoti ya kurasa chache. Aghalabu mwanafunzi hupanga viti, huunga nyaya za vipaza sauti, hupokea wageni, kisha muda wake ukaisha. Je, amejifunza nini, na amekiachia nini kituo kilichompokea? Swali hilo halijibiki bila kutazama nyuma, kwa maana uanagenzi wa sanaa katika nchi hii ni mkongwe kuliko vyuo vyake. Hoja ya makala haya ni moja: katika ukanda wa shaba sanaa ilifundishwa zaidi nje ya shule, mara nyingi katika mahali palipomilikiwa na mtu mwingine, na kilichoamua kama kazi ya mwanagenzi ingedumu si ubora wake peke yake, bali pia kama jina lake na maneno yake yaliandikwa.

Jando kabla ya jukwaa

Kwa Wachokwe, Walunda na jirani zao wa pande za Kasaji, shule ya kwanza ya sanaa kwa wavulana ilikuwa mukanda, yaani kambi ya jando. Humo wavulana walitengwa na vijiji vyao, wakatahiriwa, wakafundishwa adabu za watu wazima pamoja na nyimbo na ngoma. Makishi, wale wenye vinyago na mavazi yaliyosukwa kwa nyuzi za magome ya miti, walitoka kuwalinda na kuwachezea. Cihongo alikuwa sura ya utajiri na mamlaka. Pwo alikuwa sura ya mwanamke, mama wa ukoo.

Yafaa kuzingatia jinsi majina yalivyotumika katika taasisi hiyo. Aliyevaa kinyago hakutajwa: mbele ya wanawake na watoto likishi alikuwa mzimu uliofufuka, wala hakuwa fulani mwana wa fulani. Lakini mwali aliyehitimu alitoka na jina jipya, na kijiji kizima kilimwita kwa jina hilo. Jamii ilijua lini jina lifichwe na lini litangazwe, na uamuzi huo ulikuwa wake yenyewe. Katika mahali pengine pa kujifunzia sanaa, palipokuja baadaye, uamuzi huo ulihamia mikononi mwa wengine.

Hangari la Elisabethville

Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alianzisha mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangari. Wanafunzi wake wa mwanzo hawakutoka shuleni. Bela Sara, mzaliwa wa upande wa Chad, alikuwa mtumishi wake. Alipaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, akiijaza nafasi yote ya picha kwa alama ndogondogo. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala sambamba.

Romain-Desfossés hakuwapa picha za Ulaya wazinakili. Aliwataka wachore walichokiona na walichokikumbuka. Njia hiyo ilikuwa na heri yake na kasoro yake. Heri ni kwamba kila mwanagenzi aliupata mkono wake mwenyewe, hata mtu anaweza kumtofautisha Pilipili na Mwenze kwa kutazama mara moja. Kasoro ni kwamba mlezi ndiye aliyeamua Uafrika ni nini, na wanunuzi aghalabu walikuwa Wazungu waliotaka mbuga na mito kuliko moshi wa viwanda uliokuwa ukifuka karibu na karakana hiyo. Hata hivyo, jambo moja liliwaokoa wachoraji hao na usahaulifu: majina yao yaliandikwa kwenye picha zao. Mlezi alipofariki mwaka 1954, karakana iliunganishwa na chuo cha sanaa alichokianzisha Laurent Moonens mwaka 1951. Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo. Mwanagenzi mwenye jina aliweza kuwa mwalimu.

Kwaya ya Kamina

Mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Kaskazini, kwenye njia panda ya reli ya Kamina, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikusanya katika miaka ya 1950 kwaya ya wavulana wa shule pamoja na walimu wao. Kwaya hiyo iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Kutokana na kazi yao ilizaliwa Missa Luba, misa yenye maneno ya Kilatini na sauti za nyimbo za Kiluba na za jamii jirani. Mwaka 1958 kwaya ilizuru Ulaya, ikaimba katika maonyesho ya kimataifa ya Brussels, na misa hiyo ikarekodiwa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1968, sehemu yake ya Sanctus ilisikika katika filamu ya Kiingereza If...., na watu wengi wasioweza kuionyesha Kamina kwenye ramani wakaijua.

Wataalamu wa muziki wamekwisha kueleza kwamba misa hiyo haikutungwa mezani na mtu mmoja. Waimbaji waliibuni wakiwa pamoja, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, juu ya miundo ya nyimbo waliyoijua tangu utotoni. Maandishi ya noti yalifuata baadaye. Lakini jina lililosambaa pamoja na sahani za santuri lilikuwa la padri. Mwimbaji kiongozi, mwalimu Joachim Ngoi, anajulikana kwa wachache. Wavulana walioitikia hawajulikani takriban kabisa. Hapa hapana haja ya kumshitaki mtu. Inatosha kuona kwamba hao walikuwa wanagenzi wa sanaa kwa maana kamili ya neno, kwamba kazi yao ilizunguka dunia, na kwamba majina yao hayakuzunguka nayo.

Gitaa la Mwenda

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 akakulia Bunkeya, makao makuu ya Wayeke, ambayo leo yamo katika jimbo la Lualaba. Katika mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akampiga rekodi. Wimbo wa Masanga ulipata umaarufu upesi. Mwenda alipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada, kimoja kikishika besi na kingine kikisema juu yake, na wasikilizaji wengi walidhani wanasikia magitaa mawili. Aliimba kwa Kiswahili. Kwa hiyo alipofika Nairobi mwaka 1959 wasikilizaji wa Kenya hawakuhitaji mkalimani. Na wapiga gitaa wa huko walijifunza kutokana na sahani zake kama wanafunzi wasiomwona mwalimu.

Mwenda hakupitia shule ya muziki, wala chuo cha nchi yake hakikumwekea somo. David Rycroft wa London ndiye aliyezichambua nyimbo zake katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siasa ya uhalisi ya mwaka 1972 ilipowataka raia wa Zaire waache majina ya Kikristo, mwanamuziki huyo alijulikana kama Mwenda wa Bayeke, jina lililomrudisha moja kwa moja Bunkeya. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Tofauti ya bahati yake na ile ya waimbaji wa Kamina haikutokana na kipaji. Yeye jina lake lilichapwa kwenye sahani, na lugha yake ilieleweka kutoka Kolwezi hadi Mombasa.

Walioshika daftari

Miongoni mwa waliojifunza kwa Mwenda yumo mmoja anayestahili kutazamwa na kila mwanafunzi wa staji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alisafiri hadi Shaba kuwatafuta mabingwa wa miaka ya 1950: Mwenda, Edouard Masengo, Losta Abelo na wenzao. Aliketi nao, akatazama vidole vyao, akauliza maneno ya nyimbo, na akaandika. Shajara yake ilichapishwa Vienna mwaka 1982. Huo ndio uanagenzi uliotimia: aliyekuja kujifunza aliacha nyuma yake kumbukumbu ya waliomfundisha.

Isidhaniwe kwamba daftari ni desturi ya wageni tu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi historia ya mji huo, akiwasemea waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Johannes Fabian, akishirikiana na Kalundi Mango na Walter Schicho, aliitoa upya mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya Zaire katika picha 101 mnamo 1973 na 1974, alieleza kila picha kwa Kiswahili, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1996. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilipotunga mchezo kuhusu mamlaka mwaka 1986, mazungumzo ya mazoezi yalinaswa hatua kwa hatua kwa lugha waliyoitumia waigizaji wenyewe. Katika mifano yote hiyo Kiswahili cha Shaba, ambacho walimu wengi wa shule walikidharau kuwa ni lugha iliyovunjika, ndicho kilichobeba ushahidi.

Kilichopotea

Hasara za ukanda huu zinajulikana. Mwezi Machi 1977 wapiganaji waliotoka Angola waliziteka Dilolo, Kisenge na Kasaji, wakafika Mutshatsha. Maelfu ya wakazi wakakimbilia ng'ambo ya mpaka. Mwezi Mei 1978 ilikuwa zamu ya Kolwezi. Kisha ukaja mporomoko wa Gécamines: kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba mwaka 1986 haikufikisha tani 60,000 mwaka 1993. Kumbi za wafanyakazi zilizoitegemea kampuni zilipoteza mlezi wao. Katika miaka hiyohiyo watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakaondoka na yale waliyoyajua. Mahali pa mtu mwingine pakifungwa, mwanagenzi hana pa kurudi; kilichoandikwa tu ndicho kinachoweza kubebwa.

Baadaye wasanii walianza kumiliki mahali pao wenyewe. Mwaka 1980 na kitu vijana walisubiri mlezi. Mwaka 2008 Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha kituo cha Picha mjini Lubumbashi pamoja na maonyesho yake ya kila baada ya miaka miwili. Baloji alikuwa amekwisha kufanya kazi na picha za zamani za Union Minière, zinazowaonyesha wafanyakazi wengi wasio na majina, akiziweka mbele ya magofu ya viwanda. Swali la jina, kwa hiyo, ni swali la wasanii wenyewe, wala si la wahifadhi wa nyaraka peke yao.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inampa mwanafunzi wa staji kazi iliyo kubwa kuliko kupanga viti, ingawa viti navyo lazima vipangwe. Kazi hiyo ni kuandika: ni nani aliyepiga, aliyechora au aliyeigiza, alizaliwa wapi na alijifunza kwa nani, anakiita nini kila kifaa cha kazi yake, kwa Kiswahili chake mwenyewe na si kwa kile cha kamusi peke yake, na ni nini asichotaka kiandikwe, kwa kuwa mukanda umefundisha kwamba si kila jina ni la kutangazwa. Nakala moja ya daftari ibaki kituoni. Ripoti inayokwenda chuoni tu humtajirisha mwanafunzi na kumwacha mwenyeji mikono mitupu, nalo ni deni ambalo ukanda wa shaba umekwisha kudaiwa mara nyingi.

Vyuo navyo vina wajibu wao. Staji ikipimwa kwa saa zilizotumika na kwa muhuri wa kituo, mwanafunzi atatimiza saa na kutafuta muhuri. Ikipimwa kwa majina aliyoyahifadhi na maneno aliyoyakusanya, atatimiza hayo. Kijana wa Kasaji anayepanda treni leo kwenda kujifunza gitaa Kolwezi anakwenda kwa mabingwa ambao wengi wao hawajaandikwa na mtu. Hao wakiondoka kabla hajafungua daftari, hapatakuwa na santuri ya kuwarudisha.