Uzi wa Rakhi, Calcutta 1905

Mwezi wa Shravan unapopevuka, dada wa Kihindu humfunga umbu lake wa kiume uzi wa rakhi kwenye kifundo cha mkono, naye akaikubali dhamana ya kumhifadhi. Ni ada ya nyumbani. Rabindranath Tagore aliitoa uani akaileta njiani. Tarehe 16 Oktoba 1905, siku ulipoanza mgawanyo wa Bengal alioukata Lord Curzon, Wahindu na Waislamu wa Calcutta walifungana nyuzi kwa wito wa mshairi huyo. Haukuwa mwezi wa Shravan, wala waliofungana hawakuwa wa tumbo moja. Na hapo, bila shaka, ndipo ulipo ushairi wake. Mgawanyo ulibatilishwa mwaka 1911. Mwaka 1947 Bengal ilikatwa tena, na mpaka ule ungalipo.