Mazoezi ya Pumzi ya Kichina na Morogoro ya TAZARA

Kati ya 1970 na 1975, Wachina walipokuwa wakijenga TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, njia yake ilipita katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, na Mang'ula ikapata karakana yao kubwa. Maelfu ya mafundi hao walitoka katika nchi yenye mazoezi ya kale ya kuvuta pumzi na kunyoosha viungo. Katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa miaka ya 1970, kulikutwa hariri yenye michoro ya watu 44 wakiinama, wakijinyoosha na kuiga wanyama. Hata hivyo mkoa wa Morogoro ulibaki na reli, karakana na, tangu 2011, kituo cha kilimo cha Kichina cha Dakawa, bila mazoezi hayo. Naamini sababu iko China kwenyewe. Katika miaka ya 1950 tabibu Liu Guizhen aliyapa mazoezi ya pumzi, chigongi, nafasi ya heshima katika sanatoria ya Beidaihe, na mwaka 1956 serikali ikatoa taichi fupi ya mikao 24 kwa ajili ya umma. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, chigongi ilikwishaanza kushutumiwa kuwa masalia ya ushirikina, na Liu akapoteza kazi. Mafundi wa TAZARA waliondoka kwao katika miaka hiyohiyo. Reli ilikabidhiwa Julai 1976; Mao alifariki Septemba, na chigongi ikarudi kwa kishindo viwanjani baada ya mafundi wengi kuwa wamekwisha kurudi makwao.

Atakayepinga atasema kambi zilijitenga na lugha ilikuwa kikwazo. Kikwazo hicho kilikuwepo, lakini hakikuwazuia vijana wa Kitanzania kujifunza kuchomelea vyuma na kutandika mataruma kutoka kwa mafundi walewale. Tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini (akupancha) ni ushahidi mzito zaidi: inatoka katika elimu ileile ya kale, ila serikali ya Mao iliikumbatia, na madaktari wa Kichina waliofika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968 wakaja nayo. Kilichovuka bahari ni kile kilichokuwa na ruhusa na mwalimu aliyetumwa.

Pingamizi la pili ni la milima ya Uluguru, mkoani humohumo: Mluguru anayelima miteremko ya Mgeta na kushuka na mzigo wa mboga kichwani ana haja gani na mazoezi? Ni swali la haki. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliyakataa matuta ya ngazi ya mkoloni, kazi ya shuruti iliyoongezwa juu ya kazi waliyokuwa nayo tayari. Jasho hawajawahi kulikosa. Lakini jembe na mzigo hutumia nguvu za mwili bila kuzirudisha, na wanaolipa ni mgongo na magoti. Taichi hukusudia kinyume chake: mwendo wa taratibu, uzito ukihamishwa mguu hadi mguu, pumzi ikifuata. Mwongozo wa mwaka 2019 wa madaktari bingwa wa viungo wa Marekani unaipendekeza kwa mkazo kwa wenye magoti yaliyolika, na haidai chombo chochote, ila mwalimu na uwanja tambarare.