Kutoka gesi hadi fuwele

Nikiwa field, dogo mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, sisi huku tunahusikaje na anga?" Nikababaika. Leo namjibu.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Ilinasa eksirei kwa gesi. Tatizo, eksirei kali hupenya gesi kirahisi. Ndipo watu wa Caltech wakatengeneza vitambuzi vya semikondakta: fuwele ya kadimi, zinki na teluri, nzito kiasi kwamba milimita 2 zinatosha. Wakavirusha kwa puto 2005, kisha 2012 vikapaa na darubini NuSTAR. Data zikawa zinashukia wapi? Malindi hiyohiyo!

Dogo, samahani nimechelewa.