OCU ya Lubumbashi: robo karne ya kubisha hodi

Jina la Observatoire du Changement Urbain halitaji uzee. Kituo hiki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, OCU kwa kifupi, kilianzishwa kufuatilia jinsi mji unavyogeuka. Utafiti wake wa kwanza ulifanyika kati ya Juni na Oktoba 2000, kwa msaada wa vyuo vikuu vya Ubelgiji, na ripoti ikahaririwa na mwanaanthropolojia Pierre Petit wa Brussels. Watafiti walibisha hodi na kuuliza mambo ya nyumbani: nani analala humu, nani analeta pesa, mnakula nini. Ukizisoma kurasa hizo leo, unakutana na wazee karibu kila mahali.

Mbona kazi hiyo wameifanya watu wa historia na sayansi za jamii, si madaktari? Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Udaktari ukapelekwa Kinshasa. Historia, lugha na sayansi za jamii zikaja Lubumbashi. Chuo kilirudi kujitegemea mwaka 1981, lakini mazoea ya kukaa na mzee na kumsikiliza yalikuwa yameshaota mizizi.

Na mzee wa hapa ana ya kusema. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, iliamua kwamba mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Posho ilipimwa kwa ukubwa wa familia. Mtoto alizaliwa kwenye materinite ya kampuni, akasoma shule ya kampuni, akiugua akatibiwa na kampuni. Ubaba wenyewe ulisimama juu ya gunia la unga la posho. Gécamines, kampuni ya serikali iliyoshika nafasi yake, ikaurithi utaratibu huo. Halafu uzalishaji wa shaba ukaporomoka: kutoka karibu tani 470,000 mwaka 1986 hadi kama 30,000 mwaka 1994, na katikati hapo, Septemba 1990, mgodi wa Kamoto ukabomoka. Mishahara ikakaa miezi bila kutoka. Akina mama wakaingia sokoni, wakawa ndio wanaolisha nyumba. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria ambaye amepata kukiongoza kituo hiki, aliyaeleza hayo mwaka 2001 katika kitabu chake kuhusu Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni, na pia ni mzee aliyekaa barazani bila kazi.

Mwaka 2003 ukaja mpango wa Gécamines wa départs volontaires, yaani kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Wafanyakazi zaidi ya 10,000, wenye miaka 25 kazini au zaidi, walichukua malipo ya mkupuo na kuondoka. Hiari hiyo wengi wao hawaitambui mpaka leo. Waliunda umoja wao wa kudai haki. Pamoja na kazi, waliaga hospitali ya kampuni. Hapo ndipo tofauti ya afya ilipokaa mlango kwa mlango: mmoja bado yumo kwenye orodha ya kampuni, anatibiwa, jirani yake, rika lake, aliyeshuka naye zamu moja, anahesabu franka kabla ya kwenda dispanseri kupimwa presha.

Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, sawa na utafiti wa kwanza wa OCU, chini ya Dibwe na Bogumil Jewsiewicki, uliwakaribisha watu wa mji kwenye maonyesho, waje na picha, vitu na maneno yao.  Kwa kweli wazee wa mji huu hawakuwa wakingoja kuulizwa: mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa maboi wa wazungu, aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapahapa. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990.

Sensa ya mwisho ya Kongo ni ya mwaka 1984. Daktari au mwanafunzi wa afya ya jamii anayetaka kujua leo mzee wa Lubumbashi anaishi na nani, anakula nini na dawa zake zinalipwa na nani, ataanzia kwenye ripoti hizi za OCU, kisha yeye mwenyewe atoke akabishe hodi.