Azania katika Maandishi ya Wayunani

Azania ni jina ambalo Wayunani wa kale waliuita mwambao wa Afrika ya Mashariki. Habari zake zilizo bora zimo katika Periplus ya Bahari ya Erythraea, risala ya karne ya 1 baada ya Kristo, iliyotungwa na tajiri mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kiyunani. Mtu huyu, bila ya kutaja majitu na maajabu ambayo washairi wa kwao waliyajaza katika nchi za mbali (na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa), aeleza kisiwa cha Menouthias, ambako wenyeji walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, nao wakavua kwa madema yaliyosukwa, wakiyatega kwenye milango ya maji. Aeleza pia Rhapta, soko la mwisho la mwambao huo, ambako manahodha Waarabu, walioijua lugha ya wenyeji na kuoana nao, walileta mashoka, vioo, na mikuki iliyofuliwa makusudi huko Muza katika Yemen, wakapakia pembe za ndovu na za kifaru na magamba ya kasa.

Lakini mwandishi huyo hakuifikia bara. Karne iliyofuata, Ptolemy wa Iskandaria alinakili habari za milima ya theluji inayolisha maziwa ya Nili. Theluji hiyo ilikuwa ingali ikibishaniwa mwaka 1849, mmisionari Ludwig Krapf alipopita Ukambani, nchi ya Machakos na Kitui, akauona Mlima Kenya wenye theluji alipokuwa mgeni wa mzee Kivoi, bwana wa misafara ya pembe iendayo Mombasa. Na William Cooley, mwanajiografia wa London, alikanusha habari hizo za Krapf.