Tundu la Risasi Kando ya Mlango

Meli yetu ilitia nanga alfajiri katika ghuba ya Nafplio, mji mdogo wa bandari kusini mwa Ugiriki, nasi tukafikishwa pwani kwa mashua. Abiria wenzetu karibu wote walipanda mabasi kwenda kuona magofu ya Mycenae.

"Baba Neema, sisi hatuendi?" mke wangu aliuliza.

Nilimjibu kwamba nimechoka kupelekwapelekwa kama mzigo. Saa tulizopewa tungezitumia kwa miguu yetu wenyewe.

Nafplio hauhitaji kiongozi wa watalii. Juu ya mlima imekaa ngome ya Palamidi, iliyojengwa na watu wa Venice kati ya 1711 na 1714, na kutekwa na Waturuki mwaka mmoja tu baadaye. Chini, katika uwanja wa mji, tuliona msikiti wa zamani ambamo bunge la Wagiriki lilikutana vita vya uhuru vikiendelea. Mji huu ulikuwa makao makuu ya nchi hiyo changa mpaka 1834, yalipohamishiwa Athens.

Tulipanda kichochoro chenye ngazi hadi kanisa dogo la Mtakatifu Spyridon. Mama mmoja aliyekuwa akifagia alituona tunashangaa, akatuonyesha kwa kidole ukuta kando ya mlango. Palikuwa na kioo, na nyuma ya kioo tundu katika jiwe. Hapo, Jumapili ya tarehe 9 Oktoba 1831, Ioannis Kapodistrias, mtawala wa kwanza wa Ugiriki huru, aliuawa akienda kusali.

Ndugu msomaji, nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwenye ubao wangu uhuru ulikuwa na tarehe, bendera na mashujaa. Wasaliti walikaa upande wa pili wa mstari. Basi nilisimama pale nikijaribu kuuchora mstari huo, nao haukuchoreka.

Kapodistrias alikuwa mtu mwadilifu. Alikataa mshahara, alifungua shule, akaipa nchi sarafu yake. Lakini pia alilivunja bunge na kuiweka katiba kando, akiamini kwamba watu waliotoka vitani wanahitaji kwanza mkono wa kuwaongoza. Waliomuua walikuwa Konstantinos na Georgios Mavromichalis, mmoja ndugu na mwingine mwana wa Petrobey, mzee wa Mani. Kapodistrias alikuwa amemtia mzee huyo kifungoni. Na Petrobey hakuwa msaliti: mwezi Machi 1821 alikuwa miongoni mwa viongozi walioingia Kalamata na kuuteka mji huo, vita vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza.

Jioni ilipokaribia tulipanda Palamidi, tukipumzika kila baada ya ngazi chache. Huko juu huonyeshwa chumba cha gereza anachosemekana kufungwa Theodoros Kolokotronis, jemadari mkuu wa vita hivyo. Mwaka 1834 serikali ya nchi aliyoipigania ilimhukumu kifo kwa uhaini, na mwaka uliofuata akasamehewa. Mjini chini iko sanamu yake, amepanda farasi.

Hapo nikamkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu. Siku moja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kama hawa wote walipigania uhuru, mbona baadaye wengine walifungwa na wenzao?" Nilimwambia aketi, swali hilo halimo katika muhtasari. Darasa lilicheka. Hakuuliza tena mwaka ule.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikuwa na jibu, na jibu nililolihisi sikutaka litoke kinywani mwangu mbele ya watoto arobaini. Kufukuza adui ni kazi inayounganisha watu. Kukubaliana nani ashike funguo za nyumba baada ya hapo ni kazi nyingine, na wengi huifikia wakiwa bado na silaha mkononi. Wagiriki hawakuliziba tundu lile kwa chokaa. Wameliwekea kioo, mtoto yeyote apitaye aulize.

Mashua ya mwisho iliondoka saa kumi na moja. Mke wangu aliniuliza mbona niko kimya, nikasema ni miguu. Mwanafunzi yule sasa ni mtu mzima, sijui yuko wapi. Ikiwa kitabu hiki kitamfikia, ajue kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu.