Amasya, mji wa wanamfalme

Amasya uko kaskazini mwa Uturuki, upande wa bara kutoka bandari ya Samsun kwenye Bahari Nyeusi. Ni mji uliojibana katika bonde jembamba: mto Yeşilırmak unapita katikati, na majabali yamesimama wima juu ya mapaa ya nyumba. Watalii wengi huishia Istanbul na Kapadokia, ilhali ni miji michache ya nchi hiyo ambayo historia yake yote huonekana kwa mwendo mfupi wa miguu kando ya mto.

Jabali ndilo lililouzaa mji. Aliyeishika ngome ya mlima Harşena aliishika na njia ya bondeni, na ndiyo maana wafalme wa dola ya kale ya Ponto waliweka makao yao hapo katika karne ya 3 KK. Walipokufa walizikwa papo hapo, katika makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba chini ya ngome. Baadhi yake yamekatiwa ujia kuzunguka pande zake, hata kaburi likaachana na mlima na kusimama peke yake, jiwe moja tupu. Mfalme Pharnaces wa Kwanza aliiteka Sinope mwaka 183 KK, na makao makuu yakahamia huko pwani. Strabo, mwanajiografia aliyezaliwa Amasya yapata mwaka 64 KK, aliyataja makaburi hayo alipoueleza mji wake katika kazi yake kubwa yenye vitabu 17.

Warumi walifuata, kisha Wabizanti, kisha watawala wa Kituruki. Katika enzi ya Wamongolia wa Uajemi, mwaka 1308, ilianza kujengwa Bimarhane, hospitali iliyowekwa kwa jina la Ildus Hatun, mke wa Sultani Olcaytu. Makaburi ya wafalme yana fahari yake, lakini hazina kubwa ya Amasya ni hospitali hii. Katika karne ya 15 alifanya kazi humo tabibu Şerefeddin Sabuncuoğlu, mwenyeji wa mji, ambaye mwaka 1465 alikamilisha kitabu cha upasuaji na kumtunukia Sultani Mehmed wa Pili. Sehemu kubwa aliitoa kwa tabibu al-Zahrawi wa Andalusia, akaongeza yale aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe. Alikiandika kwa Kituruki, lugha ya watu wa Anatolia, wakati elimu ya tiba ilikuwa ikiandikwa zaidi kwa Kiarabu na Kiajemi. Kisha akakitia picha za rangi: mgonjwa amelazwa, tabibu ameinama na chuma cha moto mkononi, na mahali pengine anayetibu ni mwanamke. Katika kitabu kingine cha mwaka 1468 alieleza dawa alizozijaribu mwenyewe, na dawa moja ya kuzuia sumu aliipima kwa jogoo kwanza.

Enzi hiyo masultani wa Osmani waliwapeleka wana wao Amasya wakajifunze kutawala. Bayezid wa Pili alikuwa gavana hapo hadi alipokalia kiti cha enzi mwaka 1481, na mwanawe, Selim wa Kwanza, alizaliwa papo hapo. Hamdullah, bingwa wa hati za Kiarabu na mzaliwa wa Amasya, ndiye aliyemfundisha Bayezid kuandika, kisha akamfuata Istanbul. Msikiti wenye jina la Bayezid, uliokamilika mwaka 1486, ungali ukingoni mwa mto na minara yake miwili.

Mambo mazito ya dola nayo yaliamuliwa katika bonde hili. Tarehe 29 Mei 1555 Sultani Süleyman alifunga hapo mkataba wa amani na Wasafavi wa Uajemi, baada ya vita vya miaka mingi. Tarehe 22 Juni 1919 jenerali Mustafa Kemal na wenzake walitoa waraka uliotangaza kwamba uhuru wa taifa umo hatarini, na kwamba taifa lenyewe ndilo litakalouokoa. Waraka huo ndio ulioitisha mkutano wa kitaifa katika mji wa Sivas.

Nyumba za mbao zinazoning'inia juu ya mto ni za karibuni zaidi. Zimesimamishwa juu ya ukuta wa kale wa mji, kwa boriti zilizojazwa matofali ya udongo. Mojawapo, nyumba ya Hazeranlar ya mwaka 1872, ni makumbusho. Bimarhane nayo sasa ni makumbusho ya tiba, na mgeni mwenye muda mfupi afadhali aanzie hapo kabla ya kupanda mlima.